Lami, mpira au nta? Andakoti ya ndani ya madigadi kwa gari la Dar

Anayetafuta andakoti, yaani mpako wa kukinga bati la chini ya gari na kutu, Kariakoo, Gerezani au Ilala atauziwa kitu kimoja kati ya vitatu: lami ya kopo, andakoti ya mpira, au nta ya kuzuia kutu. Madukani zote huitwa andakoti tu, na mara nyingi mnunuzi hulinganisha bei basi. Kwa sakafu ya gari kosa hilo linaweza lisionekane haraka. Kwa ndani ya madigadi, masika mbili zinatosha kulitoa hadharani.

Hakuna sehemu ya chini ya gari inayopigwa kama pale. Tairi linarusha kokoto, mchanga na maji moja kwa moja kwenye bati, halafu tope linajishindilia kwenye ukingo uliokunjwa na kubaki na unyevu hata barabara ikiwa imekauka. Gari linalolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi linaongezewa chumvi ya upepo wa bahari. Chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi halikauki hasa, mvua iwepo isiwepo.

Lami ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo tunayoikataa kwa kazi hii. Inapakwa kwa brashi, inashika haraka, na siku ya kwanza inapendeza. Tatizo linaanza kimumunyisho (kimiminika kinachoilainisha) kikishatoka chote: inakuwa ngumu, kokoto inaipasua, maji yanaingia kwenye ufa na kusambaa chini yake. Kwa nje bado nyeusi tii. Ukiichokonoa kwa bisibisi inabanduka kipande kizima, na kutu imeng'ang'ania mgongoni. Tena rangi haikai juu yake. Madoa ya kahawia hupenya hadi juu. Ikiwa imezimuliwa kwa petroli ili iende mbali, ndiyo kabisa: unalipia utando mwembamba wenye ukakamavu wa kioo. Na oili chafu inayopuliziwa chini ya gari isihesabiwe kuwa kinga. Inaharibu bushi na mipira, na mvua inaiosha.

Andakoti ya mpira inabaki na unyumbufu baada ya kukauka, hivyo kokoto inadunda badala ya kupasua. Hii ndiyo chaguo letu kwa bati lililo wazi kwa tairi. Inakuja kwa sura mbili. Kopo la kupuliza kwa kidole linafaa kwa viraka, au kwa asiye na kompresa. Kwa gari dogo kama IST au Vitz weka hesabu ya kopo 1 kwa kila tairi na 1 la akiba. Kwa madigadi yote manne, nunua makopo ya lita 1 yenye shingo ya nyuzi, yanayofungwa moja kwa moja kwenye bunduki yake ya kompresa. Hesabu yake ni nyepesi: lita 1 ikipakwa kwa unene wa nusu milimita ikiwa mbichi inafunika mita 2 za mraba. Kwa mikono miwili, yaani kupuliza mara mbili, kwenye gari dogo, lita 3 zinatosha. Fundi anayekuambia lita 1 imemaliza magurudumu yote amepaka rangi, hajapaka kinga. Kabla ya kulipa, soma kopo kama linakubali kupakwa rangi juu. Ya mpira mara nyingi inakubali, na ukingo wa nje utaihitaji.

Nta haigandi ikawa ngumu. Inatambaa ndani ya maungio ambako bunduki haifiki, lakini mbele ya tairi inachapwa na maji hadi inaisha. Mahali pake ni nyuma ya ile plastiki ya ndani ya madigadi, hasa pembe ya chini ya madigadi ya mbele inapokutana na kizingiti cha mlango. Huko tope hujaa bila mtu kuliona, na ndiko bati hutoboka kwanza. Irudie kila mwaka.

Sasa kazi yenyewe, maana bidhaa nzuri juu ya tope ni hasara tupu. Gari likae kwenye stendi za chuma, si matofali. Matairi yatoke (kwa Toyota hizi ndogo ni spana namba 21), na plastiki zitoke zote. Andaa klipu mpya kadhaa, za zamani huvunjika. Osha kwa presha, chokonoa tope la kwenye ukingo kwa mkono, kisha acha bati likauke kabisa. Anayeosha saa tatu na kupuliza saa nne amefungia maji ndani. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, asubuhi bati lina umande hata pasipo mvua. Osha leo, pulizia kesho kuanzia saa nne asubuhi, jua likishapasha bati.

Kutu iliyolegea itoke kwa brashi ya waya na msasa. Andakoti ya kiwandani iliyo nzima usiikwangue. Iparuze kidogo tu kwa msasa ili mpya ishike. Futa mafuta kwa kitambaa safi chenye thina, ila kwa wepesi kwenye andakoti ya zamani, isije ikalainika. Bati lililo wazi lipate praima ya epoksi, na maungio yaliyopasuka yazibwe kwa sila (gundi ya kuziba maungio) kabla ya andakoti. Bati lililotoboka lichomelewe kwanza. Andakoti haizibi tundu.

Kuziba kwa karatasi na tepu ndiko kunakomtofautisha fundi na mpuliziaji. Diski na kalipa za breki, fimbo ya shokapu, springi, mipira ya sivijointi, sensa ya ABS na bomba la ekzosi visiguswe. Uso wa habu unapokaa rimu usiguswe kabisa: rimu ikikalia andakoti, nati zinalegea baada ya safari chache. Matundu ya kutolea maji kwenye kizingiti yabaki wazi, vinginevyo kizingiti kinageuka ndoo.

Puliza mkono wa kwanza mwembamba, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bati. Subiri dakika 30, rudia. Mkono mmoja mzito unafanya ngozi juu huku chini kubichi, na utateremka. Vaa kinyago cha mvuke, fanyia mahali pa wazi, na kusiwe na mtu anayechomelea jirani. Plastiki zirudi siku ya pili, na tope lisubiri angalau saa 24.

Kwa anayepeleka gereji, maswali mawili yanatosha kumjua fundi: plastiki zitatoka? Na gari litalala? Huduma ya saa moja, gari likiwa limesimama kwenye matairi yake, haifai kwa bei yoyote. Omba kuliona bati tupu kabla halijapuliziwa, au upigiwe picha.

Tahadhari moja kwa gari lililotoka Japani karibuni: ule weusi unaong'aa chini mara nyingi ni rangi nyembamba ya chasisi iliyopuliziwa kabla ya ukaguzi wa kule, si andakoti. Likiwa lilitumika mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi, kutu inaweza kuwa imejificha chini yake. Kwangua kidogo pembeni mwa ukingo wa madigadi ya nyuma. Ukikuta kahawia, anza na brashi ya waya, siyo na kopo.