Mawakili wa Uhamiaji Katikati ya Jiji: Hodari wa Sheria, Adimu Wikendi

Ofisi ninayoizungumzia iko katikati ya Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Nyayo House, jengo lenye ofisi za Idara ya Uhamiaji. Nilimpeleka huko shemeji yangu, raia wa Kongo, ambaye kibali chake cha kazi kilikuwa kimekwisha muda na aliyekuwa akihofia kufurushwa nchini.

Ada ya ushauri si ndogo, ila wakili aliyetupokea aliistahili. Alitueleza, bila kututisha wala kutupa matumaini ya bure, kwamba kifungu cha 43 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kinampa waziri uwezo wa kuamuru kwa maandishi kuondolewa kwa mtu aliyepo nchini kinyume cha sheria, lakini amri hiyo haiko juu ya Katiba. Kifungu cha 47 cha Katiba kinadai uamuzi wa haki wenye sababu zilizoandikwa, na cha 49 kinadai aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, awe Mkenya au mgeni.

Shemeji alipouliza kama amri za mahakama hutiiwa, wakili hakuficha. Alimtaja Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa wa upinzani aliyesafirishwa kwa ndege mara mbili mwaka 2018 licha ya amri za mahakama, akashinda kesi na kupewa fidia ya shilingi milioni 7 Desemba mwaka huo, lakini asirejee Kenya hadi Oktoba 2022. Ikiwa hayo yalimpata mtu mwenye jina na mawakili wa kutosha, fundi wa mtaa wa Githurai asiyejulikana na yeyote anahitaji amri ya mahakama mkononi kabla ndege haijaruka.

Hapo ndipo huduma hii inapochechemea. Saa 24 zikiisha wakati mahakama imefungwa, mshukiwa hungoja siku ya mahakama inayofuata, hivyo anayekamatwa Ijumaa jioni huenda akalala seli hadi Jumatatu. Ofisi hii, inayojitangaza kuwa ya dharura, haipokei simu Jumamosi wala Jumapili, na nilipouliza kwa nini, karani alinijibu, kwa upole kweli, “Wikendi tunapumzika, mama.”

Karatasi za ombi la kibali kipya waliziandaa vizuri, na kila malipo ya M-Pesa yalipewa risiti. Kwa kazi hiyo ningewarudia. Mwenye jamaa aliyekwisha kukamatwa atafute wakili anayepokea simu usiku, na aulize hilo kabla ya kulipa.