Kiashiria cha pini iliyokokiwa kwenye bastola yangu: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja wa korosho

Ninamiliki kihalali bastola aina ya Glock 19 ya milimita 9, ambayo niliiombea kibali nilipoanza kusimamia ghala la korosho nje kidogo ya Mikindani, mkoani Mtwara. Mwaka jana, kabla ya msimu kufunguliwa, niliifungia kiashiria cha pini iliyokokiwa, yaani bamba la nyuma la slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma) lenye tundu dogo katikati, pamoja na pini ya kupigia, ile inayoigonga risasi ilipuke, ambayo mkia wake umeongezwa urefu. Bastola ikiwa imekokiwa, yaani pini imevutwa nyuma tayari kupiga, mkia huo huchungulia kwenye tundu. Ikishafyatuliwa, huzama ndani.

Wenye silaha ya aina hii watauliza, na wana haki ya kuuliza, kiashiria ni cha nini wakati triga yenyewe inaeleza kila kitu: ikiwa mbele, pini imekokiwa, na ikiwa nyuma, imeshafyatuka. Jibu langu linatokana na usiku mmoja ambao umeme ulikatika mji mzima na mbwa wakaanza kubweka upande wa ghala. Niliitoa bastola kwenye sanduku lake nikiwa sikumbuki niliiacha katika hali gani, na kwa kuwa sikuona hata mkono wangu mwenyewe, nikaipapasa triga kwa kidole. Ilikuwa mbele, na ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, mlikuwa na risasi. Hakuna kilichotokea, lakini nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimetia kidole mahali ambapo mafunzo yote yanakataza kukitia kabla mtu hajaamua kupiga, na nilikitia kwa ajili ya kupata habari tu.

Hiyo ndiyo kazi ambayo kiashiria kimenifanyia. Habari imehama kutoka kwenye triga, ikaja nyuma ya slaidi, mahali ambapo dole gumba hufika bila kidole kingine kusogea. Kwa kuwa pini ya Glock hukokiwa nusu tu mpaka triga ivutwe, mkia haujitokezi sana. Ni kama unene wa ukucha, na siku za mwanzo nililazimika kuutafuta. Sasa naupata mara moja, hata mikono ikiwa na mafuta. Zipo bastola zilizotoka kiwandani na kitu kama hiki, kwa mfano Walther P99 yenye ncha nyekundu nyuma ya slaidi, na Springfield XD, ambayo hutengenezwa Kroatia, kwa hiyo wazo lenyewe si geni.

Sikuifanya kazi hii mwenyewe, na sishauri mtu aifanye mezani kwake. Nilianza kwa kuwauliza polisi, nikiwa na nyaraka zangu za umiliki, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si jambo la kuchezea, kisha nikasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam kwa fundi mwenye leseni. Alitumia muda mwingi zaidi kukagua kizuizi cha pini, kile kinachoizuia isisonge mbele bastola ikianguka, kuliko alioutumia kufunga bamba lenyewe. Aliponikabidhi aliniambia, “Mzee wangu, hiki kinakueleza kwamba springi imebanwa. Hakikuelezi kama risasi imo.”

Maneno hayo nimeyathibitisha mwenyewe. Ukivuta slaidi bila risasi, mkia hujitokeza vilevile. Lililo baya zaidi ni kinyume chake: uwanjani, tulipokuwa tukifanya mazoezi, risasi moja ya zamani ilikataa kulipuka, na mkia ukazama kana kwamba mambo yamekwisha, ilhali risasi hiyo ilikuwa bado imo chembani. Mtu anayetegemea tundu lile peke yake angeiweka bastola chini akidhani ni salama. Kwa hiyo dole gumba langu husoma mkia, kidole cha shahada husoma ndoano ya kuvutia ganda la risasi nje ya chemba, ambayo kwenye Glock yangu hutokeza kidogo risasi ikiwa chembani, na palipo na mwanga bado natoa magazini, navuta slaidi na kuangalia ndani kwa macho.

Kasoro zake nimeziona mbili. Kwanza, tundu ni mlango wa uchafu. Vumbi la magunia ya korosho huingia, likachanganyika na mafuta na unyevu wa upepo wa bahari, na mwezi wa Novemba niliona mkia ukirudi kwa uzito. Zamani nilisafisha sehemu ile mara moja kwa mwezi. Sasa ni kila Jumamosi, na mafuta ni tone moja tu, kwa kuwa mengi hugeuka tope. Pili, rangi nyekundu iliyopakwa mkiani ilibanduka kabla ya miezi minne, na muuzaji niliyemwandikia hakujibu. Mchana hili linaudhi, kwa sababu chuma cheusi ndani ya tundu jeusi hakionekani kwa urahisi. Usiku, ambako ndiko nilikokihitaji, halijapunguza chochote.

Bamba nitaliacha lilivyo. Kabla ya Oktoba nitarudi kwa fundi yuleyule anibadilishie pini, aweke yenye mkia wa chuma cheupe kisichopakwa rangi, na nimemwomba akague tena kizuizi mbele ya macho yangu.