Maoni yangu kuhusu shirika la Kikristo ninalolichangia: kuasili, yatima na wamisionari wenyeji

Jina la shirika sitaliandika kwa sababu kuna jambo hapa nalilalamikia na bado naongea nao, ila mashirika ya aina hii yapo mengi na kazi zao zinafanana, wanasaidia yatima, wanawategemeza wamisionari wenyeji na wanasaidia familia ziasili mtoto, yaani kumchukua awe wao kisheria, bila kufilisika. Mi ni mchangiaji tu, sio mfanyakazi wao, na nawapenda, ndio maana nataka niseme yote.

Nianze na kuasili maana hapo wako vizuri kweli. Kuna familia nyingi zina moyo na zina nafasi nyumbani, kinachokwama ni hela. Makao yao yako Marekani na huko kuasili mtoto mchanga kupitia wakala binafsi inaweza kula dola 20,000 hadi 45,000, kuna ada ya wakala, kuna wakili, kuna mahakama, kuna afisa wa ustawi anayekuja kukagua nyumba yenu na kuandika ripoti, na ukiasili kutoka nchi nyingine ongeza tiketi za ndege na kukaa ugenini mkisubiri makaratasi. Serikali yao inatoa nafuu ya kodi, mwaka 2024 ilikuwa mpaka dola 16,810 kwa mtoto, lakini hiyo inakuja baadaye wakati wakala anataka chake sasa hivi. Hapo ndipo shirika linapoingia, wanatoa mkopo usio na riba, na hela haipiti mikononi mwa familia hata kidogo, inaenda moja kwa moja kwa wakala au wakili kwa ankara. Familia ikirudisha, hela ileile inamsaidia mwingine. Mi huu mpango naupenda sana kwa sababu sadaka yangu haiishi, inazunguka.

Kuna mke na mume tunaosali nao walipitia mkopo huo wakanionyesha fomu. Nilidhani itakuwa mambo ya mshahara na barua ya mchungaji basi, kumbe kuna swali linauliza mtamwambiaje mtoto habari za wazazi wake waliomzaa, na mtaanza kumwambia akiwa na umri gani. Wale ndugu walikaa na hilo swali siku nyingi kabla ya kujibu. Shirika linalouliza hivyo linamfikiria mtoto kwanza, halimfikirii mfadhili wala mzazi mpya. Tena kabla ya kuwapa mkopo waliwaambia wazi kwamba kuasili mtoto aliye kwenye malezi ya serikali huko kwao gharama yake ni ndogo sana, wakati mwingine hamna kabisa, sasa taasisi gani ya mikopo inakwambia njia ya kutokopa?

Kuhusu kuasili nje ya nchi wamepunguza kasi na mi naona ni sawa. Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kimataifa wa kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, unasema mtoto atafutiwe kwanza familia nchini kwake, nje iwe baadaye, na kuna nchi zimefunga kabisa mlango, Ethiopia 2018, China Septemba 2024 isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo. Uamuzi wa China uliumiza, kulikuwa na familia zimeshapangiwa mtoto, wameshabandika picha yake ukutani, halafu basi. Tuombeane.

Sasa lalamiko langu. Kwenye upande wa yatima, mtoto anawekwa picha, jina lake lote, na stori nzima ya nyumbani kwao, baba alikuwa mlevi, mama alikufa kwa ugonjwa fulani, kila kitu, ili wewe mfadhili uguswe utoe. Jamani huyo mtoto atakua. Ataingia mtandaoni siku moja atajikuta, na wenzake shuleni watamkuta. Mama yake anastahili heshima hata kama amefariki. Nimewaandikia kuhusu hili, wamejibu kwa upole kwamba wanalifanyia kazi, lakini nilipoangalia picha bado zipo na majina yapo vilevile, na hii inanikera kwa sababu watu wanaouliza maswali mazuri hivyo kwenye fomu ya kuasili wanajua kabisa wanachokifanya.

Halafu neno yatima lenyewe watu wanalielewa vibaya. UNICEF wanamhesabu mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, mwaka 2015 walikadiria karibu milioni 140 duniani, lakini waliofiwa na wote wawili walikuwa kama milioni 15 tu. Maana yake wengi wana mama, au baba, au bibi anayewataka ila hana ada ya shule wala dawa. Shirika hili wanalijua hilo na zamani walikuwa wanajenga vituo vya yatima, siku hizi hela nyingi inaenda kumuwezesha bibi au shangazi abaki na mtoto, na hapo wamenifurahisha sana. Utafiti ule wa Bucharest, Romania, ulioanza miaka ya 2000 na watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, ulionyesha waliohamishiwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kuliko waliobaki, hasa waliotoka mapema kabla ya miaka miwili hivi. Najua kuna wapendwa watanitajia George Müller, mhubiri wa Bristol, Uingereza, aliyefungua nyumba ya yatima 1836 akalea yatima zaidi ya 10,000 bila kumwomba mtu hela, na ni kweli Mungu alimtumia, ila zama zile njia nyingine zilikuwa chache. Leo zipo. Pia wameacha kupeleka vijana wa wiki moja kuja kubeba watoto na kupiga picha, mtoto anamzoea mgeni, mgeni anaondoka, anakuja mwingine. Safi sana.

Wamisionari wenyeji sina maneno mengi, wanafanya vizuri. Anayeijua lugha na watu hahitaji miaka ya kujifunza salamu, na gharama yake ni ndogo kuliko kuhamisha familia nzima kutoka mbali. Kwenye ripoti moja kulikuwa na mwinjilisti aliyeomba tairi la pikipiki, na picha ya risiti ya tairi ipo hapohapo, tairi na tyubu. Ningependa tu na wao wapate bima ya afya na akiba ya uzeeni, mtu asihubiri miaka thelathini halafu aishie kuombaomba.

Hesabu zao ziko wazi. Mashirika ya Marekani mengi yanatakiwa kujaza Fomu 990, ripoti ya mwaka ya mapato na matumizi inayoenda mamlaka ya kodi, na unaweza kuisoma bure, ya hawa ipo na nimeisoma, makanisa ndio hayalazimishwi, kwa hiyo shirika likijiita kanisa ili lisijaze, we uliza maswali. Gharama za uendeshaji wanalipiwa na wafadhili maalumu. Mi hata wangekata asilimia kidogo kwenye sadaka yangu nisingelalamika, afisa ustawi mzuri lazima alipwe.

Kwa hiyo mfuko wa mikopo na wa wamisionari naendelea kuchangia, na ule wa kufadhili mtoto nimesimamisha mpaka waondoe majina kwenye picha. Ukiamua kutoa, kwenye fomu kuna kasehemu kadogo chini ka kuchagua mfuko, usikaruke, ukikaacha wazi hela inaenda mfuko wa jumla.