Saluni ya Magomeni inayojua kusuka nywele chache

Mwenye nywele za kujaa anapendeza saluni yoyote hapa Dar. Nawaandikia wenye nywele kama zangu: ukichana mstari ngozi inaonekana mpaka pembeni, paji la uso linazidi kupanda, na msusi mgeni akikufungua kilemba anamwita mwenzake aje aone. Nimepata pa kwenda. Ni chumba kimoja Magomeni, upande wa Mapipa. Kina viti viwili, kioo kimoja, feni na benchi la kusubiria. Hakuna televisheni wala mapicha ya mitindo ukutani.

Kabla hajashika chanuo, dada mwenye saluni anauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na msusi mwingine: nywele zako ni nyepesi, ni chache, au zimekatika? Wengi wetu tunasema "nywele nyepesi" kwa yote matatu, yeye anayatenganisha kwa sababu kila moja lina msuko wake. Nyepesi ni unywele wenyewe kuwa mwembamba. Zinaweza kuwa nyingi kichwani lakini ukizishika hazijai mkononi. Chache ni mashina kuachiana, ngozi ikaonekana kati ya unywele na unywele. Zilizokatika mashina yapo yote, ila zimebaki fupifupi kwa sababu ya dawa au kuchanwa zikiwa kavu. Anakugawa kichwa sehemu nne, anapitisha vidole polepole, kisha anakuonyesha kwenye kioo uchache wako uko wapi. Mimi utosini ninazo za kutosha. Zimepungua mbele na juu ya masikio, palepale rasta zinapovuta.

Uchache wa namna hiyo unatokana na kuvutwa. Msuko unaobana, uzito wa rasta, wivingi ya kushonea, nywele kufungwa juu kwa nguvu kila siku, vyote vinachosha shina. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, tundu la unywele hugeuka kovu, na hapo hata mafuta ya nyonyo upake kutwa mara tatu hayarudishi kitu. Vile vipele vinavyotoka mbele siku ya pili baada ya kusuka, ambavyo mashosti wanakuambia "vumilia, zitalegea", ni dalili ya mapema. Natamani kila mama anayempeleka binti yake kusuka alijue hili.

Alinisuka twende kilioni, njia nane pana, bila rasta. Nywele za mbele aliziacha nje kiasi cha upana wa kidole, msuko ukaanzia nyuma yake. Kwa kuwa njia ni nene, kila moja imebeba nywele nyingi zinazogawana mvuto. Saluni niliyokuwa naenda zamani walifanya kinyume kabisa: wakiona nywele chache wanasuka vidogo vidogo na kujaza rasta ili ngozi isionekane. Unatoka umependeza kweli, lakini vinywele vichache vimetwishwa rasta nzima, na ukifumua unakuta pengo limeongezeka. Ngozi yangu sasa inaonekana kati ya njia na njia, na napenda inavyoonekana. Watu wanaudharau twende kilioni kwa sababu ya jina lake, wanauona msuko wa haraka wa msibani. Mimi nimeingia nao ofisini na nimesimama nao harusini.

Kingine kilichonifanya nimwamini ni anavyofumua. Nywele zilizotoka anazikusanya kwenye karatasi, na lile fungu lilinitisha. Akanieleza vizuri. Kichwa kina nywele kama 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Zikiwa ndani ya msuko hazina pa kuangukia. Msuko wa wiki sita, yaani siku 42, utakupa nywele kati ya 2,100 na 4,200 ambazo zingetoka tu hata usingesuka. Anachokagua ni mwisho wa unywele: wenye kinundu cheupe umetoka na shina lake kwa wakati wake, usio nacho umekatika. Zangu nyingi zilikuwa na kinundu.

Ana msimamo, na wateja wengine hawaupendi. Binti mmoja alitaka rasta ndogo za kufika kiunoni kwa ajili ya sendofu. Akaambiwa, "Mdogo wangu, mbele huku sikusuki, nitakuanzia nyuma." Binti akaaga akaondoka. Mtoto mwenye mapunye naye hasukwi, mama yake anaelekezwa hospitali, maana mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haitoshi. Na chanuo lililomgusa huyo mtoto halimgusi mwingine kabla halijachemshwa.

Kasoro zipo. Taa ni moja na iko nyuma ya msusi, jioni unasukwa gizani. Unaoshwa kwa jagi na ndoo. Umeme ukikatika hakuna stimu wala drayeri, na fedha ya stimu ukishalipa inabidi uidai mwenyewe. Jumamosi foleni inafika nje kwenye jua, na namba ya kuweka oda hatoi.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usitegemee muujiza. Juu ya sikio langu la kushoto vimeanza kutoka vinywele vifupi, laini, bado havishikiki kwenye msuko, na kila nikienda anavipita bila kuvigusa.

Nililipa 8,000 kusuka na 5,000 kuosha na stimu. Kufumua ni 3,000 zaidi, hivyo fumua nyumbani, uende katikati ya wiki, asubuhi.