TAHADHARI: Tapeli wa picha za ukutani za historia ya Arsenal, msitume hela kabla hamjasoma hii

Wadau wa mpira, hasa nyie Washika Mitutu wenzangu, yaani mashabiki wa Arsenal, naomba mnisikilize kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na picha za ukutani za historia ya Arsenal, zile kubwa za fremu ya mbao, kikosi cha 2003/04 kiko katikati, makombe pembeni, na chini kuna mstari wa miaka kuanzia 1886 timu ilipoanzishwa kule Woolwich. Anasema zimechapwa kwenye kanvasi halisi, zimetoka nakala 500 tu dunia nzima, na wachezaji wenyewe wamesaini kwa mkono. Hakuna hata kimoja cha kweli hapo. Jina lake sitaji maana halitawasaidia, watu wakianza kulalamika anafuta akaunti anarudi na jina jingine na logo nyingine, ila picha ni zile zile na maneno ya tangazo ni yale yale mpaka nukta, kwa hiyo mtambueni kwa kazi yake.

Sisi tulichanga kama familia tumnunulie mjomba wetu, mzee kaanza kuipenda hii timu enzi za kocha George Graham na mpaka leo ukimtajia Anfield 1989 anaacha anachofanya anaanza kusimulia. Mzigo ukachelewa, kila tukiuliza tunaambiwa uko njiani, mwisho ukaja umekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Fremu hakuna, kanvasi hakuna, ndani ni ile plastiki nyembamba wanayochapia mabango ya matangazo, inanuka wino, kingo zimekatwa pinda, na wachezaji wa mstari wa nyuma sura zimevurugika huwezi kujua nani ni nani. Tulipomuuliza fremu iko wapi akajibu eti fremu kwenye tangazo ilikuwa ya mfano tu, halafu akatubloku.

Plastiki ningeweza kuivumilia lakini historia ndio imeniuma. Mjomba kaitandaza mezani, kaangalia kidogo tu, akauliza hawa wa Anfield mbona wamevaa nyekundu? Na kweli, ile mechi ya tarehe 26 Mei 1989 Arsenal walicheza na jezi ya njano, maana Liverpool pale kwao wanavaa nyekundu. Hiyo ni mechi ambayo Arsenal walitakiwa washinde kwa tofauti ya mabao mawili ndio wachukue ubingwa, Alan Smith akafunga la kwanza kwa kichwa, Michael Thomas akamaliza dakika za nyongeza, 2-0, ubingwa ukaenda London. Mtu anayeipenda hii timu hawezi kukosea rangi ya jezi ya usiku ule. Na kifuani kwenye jezi hizo hizo za 1989 kaweka nembo mpya, ile ambayo mzinga unaangalia kulia, wakati nembo hiyo imeanza kutumika 2002 na ya zamani mzinga wake uliangalia kushoto.

Ukiendelea kuangalia unazidi kuchoka. Nyuma ya kikosi cha 2004 kaweka uwanja wa Emirates, na Emirates umefunguliwa 2006, wale kina Vieira na Henry msimu ule nyumbani kwao ni Highbury. Chini yake kaandika kwa herufi kubwa "mechi 49 bila kufungwa msimu wa 2003/04" na hilo haliwezekani kabisa kwa sababu ligi ya England msimu mmoja ni mechi 38, ule msimu walishinda 26 wakatoka sare 12. Hizo 49 ni mfululizo ulioanzia Mei 2003 ukapita msimu mzima ukaenda kukatika Oktoba 2004 pale Old Trafford walipopigwa 2-0 na Manchester United. Unaweza kuona ni mambo madogo, ila hii ni picha ya historia, historia ndiyo bidhaa yenyewe mtu anayolipia, fremu ni ya kuishikilia tu.

Sababu ya makosa yote haya ni kwamba hakuna mchoraji. Jamaa anaziomba kwenye programu za akili mnemba halafu anachapa kinachotoka bila kukagua, ndio maana ukivuta karibu unakuta mkono una vidole sita, maandishi kwenye jezi ni herufi zisizosomeka, na kombe lina shikio moja. Na hafanyi hivi kwa Arsenal peke yake. Mshabiki mmoja wa Liverpool alinionyesha ya kwake ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya Istanbul 2005 dhidi ya Milan, ile ya 3-3 kisha penalti, Milan kawavalisha mistari myekundu na myeusi wakati siku ile walivaa nyeupe tupu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mshabiki wa timu yoyote, kabla hujauliza bei kaa na hiyo picha uikague kama unavyomkagua refa, angalia rangi ya jezi, nembo ya mwaka ule, mdhamini wa kifuani, uwanja, idadi ya mechi. Kwa Arsenal ya 1989 kifuani ni JVC, kwa 2004 ni O2. Ukikuta kimoja hakiendani na mwaka basi huyo anayeuza hajui anachouza, na asiyejua hawezi kuwa amekaa na wachezaji wakamsainia.

Sasa hizo saini. Hapa ndipo nilipokasirika kabisa. Tangazo linasema kikosi kizima cha 2003/04 kimesaini mwaka huu, na kwenye picha kuna saini ya José Antonio Reyes. Reyes alijiunga Januari 2004 akachukua ule ubingwa, na alifariki kwa ajali ya gari Juni 2019. Mtu ametumia jina la marehemu kuuzia plastiki. Nilimwandikia kuhusu hilo kabla hajanibloku, akanitumia emoji ya kicheko.

Jinsi ya kujua saini ya kuchapwa sio ngumu. Chukua kioo cha kukuzia au kamera ya simu uivute mpaka mwisho, saini iliyochapwa utaiona imejengwa na vidoti vidogo vidogo vya rangi kama picha nyingine yote, ya kalamu wino wake ni mstari mmoja umelala juu ya karatasi na ukiinamisha kwenye mwanga inang'aa tofauti na sehemu iliyobaki. Kama bado hujanunua muombe picha za nakala mbili tofauti, halafu zilinganishe, mkono wa binadamu hauwezi kusaini mara mbili sehemu ile ile kwa mkunjo ule ule, zikifanana kabisa jua ni mashine. Cheti cha uhalisia nacho kisikutishe, karatasi yenye muhuri wa dhahabu anaweza kuchapa yeyote. Cheti chenye maana kinataja kampuni iliyosimamia, kinasema ilisainiwa lini na wapi, na kina namba inayofanana na iliyobandikwa kwenye picha yenyewe, namba ambayo unaenda kuihakiki wewe mwenyewe kwa hiyo kampuni, na kampuni uitafute mwenyewe, usibonyeze linki aliyokutumia muuzaji.

Kuhusu ubora wa uchapaji muulizeni swali moja tu, faili lina pikseli ngapi, yaani vile vinukta vinavyoijenga picha. Picha ya upana wa inchi 36 ikichapwa kwa doti 150 kwa inchi, ambayo kwa picha ya ukutani inatosha, inataka pikseli 5,400 kwa upana. Picha ya kuokota mtandaoni mara nyingi ina kama 1,200, ukiivuta kwenye inchi hizo 36 unabaki na doti 33 kwa inchi, ndio zile sura za uji uji. Mchapaji wa kweli atakujibu hapo hapo, na wengine wanafurahi kuulizwa. Huyu alijibu "full HD boss usijali".

Kisha omba video. Sio picha, video, ageuze fremu nyuma uone kanvasi imevutwa ikapigwa pini kwenye mbao, na pembeni aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo imeandikwa kwa mkono. Picha za tangazo lake nimezitafuta kwa Google Lens, ile ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha, zikatokea kwa wauzaji kibao, nyingine kwenye ukurasa wa msanii ambaye anachora kweli na hana habari kuwa kazi yake inauzwa. Na hapa niseme jambo, wapo wachoraji mashabiki wanaofanya kazi nzuri sana, wanachora kwa mkono wao, wanasema wazi kuwa sio bidhaa rasmi ya klabu na hawadai saini ya mtu. Hao naomba tusiwaweke kapu moja na huyu, tuwaunge mkono. Nembo ya klabu ni alama ya biashara iliyosajiliwa, kwa hiyo mtu akiandika "rasmi" lazima awe na leseni na bidhaa iwe na lebo yake, asipoandika rasmi na akakuambia ukweli basi unajua unachonunua.

Malipo ndio mtego wenyewe. Anakataa njia yoyote ambayo mnunuzi analindwa, anataka utume moja kwa moja kwa jina la mtu binafsi, na jina hilo halifanani na la duka. Anakuwekea saa inayohesabu kurudi nyuma, zimebaki 3, rudi kesho utakuta zimebaki 3. Ukishalipa inakuja hela ya ushuru, ukilipa hiyo inakuja bima ya mzigo. Namba ya kufuatilia mzigo anayokupa inafunguka kwenye tovuti yake mwenyewe tu, ukiiweka kwa wasafirishaji haipo.

Kama tayari umelipa usikae kusubiri. Piga skrinishoti ya tangazo leo kabla hajalifuta, tunza meseji zote, piga picha bomba na lebo ya mzigo, kisha nenda kwa benki au kampuni uliyolipia ufungue malalamiko, kwa kadi huwa kuna muda maalumu wa kudai na ukipita hawakusikilizi. Akikuambia urudishe mzigo kwa gharama zako kwenda nchi nyingine ndio akurudishie hela, usifanye, nauli itazidi thamani ya ile plastiki na hela hutaiona. Wengine anawapa nusu kwa sharti wafute walichoandika, msifute, hayo maandishi ndio yanayomuokoa anayefuata. Na ukishalalamika hadharani utaona watu wanakufuata inboksi wanasema ni wataalamu wa kurudisha hela zilizotapeliwa, wanataka ada kidogo ya kuanzia. Mimi wameshanifuata, mmoja alikuwa anajua mpaka kiasi tulicholipa wakati sijawahi kukitaja popote. Hao nao ni matapeli, bloku moja kwa moja.