TAHADHARI: Anayeuza seti za bunduki ya gumegume kwa bei ya kutupa

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaowinda huku Pennsylvania, kuna mtu mtandaoni anauza seti za kuunda bunduki ya gumegume, yaani gobore ambalo baruti yake huwashwa na cheche za jiwe, na anatutafuta sisi kwa Kiswahili chetu. Mimi kanila dola 480. Pesa nitatafuta nyingine. Ninaandika kwa sababu ya mtutu alionitumia, ambao ungepasuka ungenipasukia usoni.

Kwa wasiojua, Pennsylvania tangu 1974 ina msimu wa kulungu wa gobore la jiwe. Katika msimu huo, gobore linalowashwa kwa fataki badala ya jiwe halikubaliki. Ndiyo maana watu wengi hununua seti: mtutu, mtambo wa kufyatulia, mdeki wa kushindilia baruti na risasi, vyuma vidogovidogo, na kitako cha mbao ya mepo kilichochongwa nusunusu. Unakaa nayo miezi ukipiga tupa na msasa hadi iwe bunduki. Ni kazi ya mafundi wa Kijerumani waliokaa Lancaster karne ya 18, na mimi naipenda kwa moyo wote. Lakini seti ya maana haipatikani kwa dola 480, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Jamaa ana adabu, anajibu upesi, kila neno "kaka". Kadi ya benki hataki. Anataka utume kwa ile njia ya kutumiana pesa kati ya jamaa na marafiki, ambayo ukishatuma umetuma. Picha zake ni nzuri mno. Baadaye niliiona bunduki ileile, yenye mkwaruzo uleule karibu na mtambo, kwenye matangazo ya fundi mwingine kabisa.

Sanduku lilifika baada ya wiki sita. Kitako kilikuwa kizuri kweli, nacho ndicho kilichonituliza. Siku ya tatu nikajaribu mtambo bila baruti. Nilifyatua kama mara ishirini, cheche hakuna. Kile chuma kinachopigwa na jiwe, huku wanakiita frizeni, kilikuwa kimechimbika mifereji. Nikakipitishia tupa, ikang'ata. Frizeni iliyokazwa kwa moto tupa haiiwezi, inateleza tu kama juu ya kioo. Hilo lingerekebishika kwa fundi.

Mtutu haurekebishiki. Niliupeleka kwa mzee mmoja tunayekutana naye uwanja wa shabaha, mtu aliyeunda bunduki hizi tangu ujana wake. Aliushika ule mzibo wa nyuma akauzungusha kwa vidole vyake vitupu, ukafunguka. Akamulika ndani kwa taa ndogo, akaniita nitazame. Mifuo, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, ilikuwa imekatwa inchi moja tu mdomoni, ili ionekane kwenye picha. Ndani zaidi ya hapo ni laini, na mstari wa kuchomelea umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Ni bomba tu, si mtutu wa bunduki. Akaniuliza kama nimeshaujaza baruti. Nikamwambia bado. Akanyamaza, akaulaza mezani taratibu.

Uingereza mtutu haruhusiwi mtu kuuuza kabla haujapimwa kwa baruti ya ziada, na nyumba za upimaji ziko London na Birmingham. Marekani sheria hiyo haipo, unategemea jina la fundi lililogongwa kwenye chuma. Wangu haukuwa na hata herufi moja. Kwa hiyo kabla hujatuma senti, muulize muuzaji mtutu katengeneza nani na kwa chuma gani, na umtake video ya mtambo ukitoa cheche, jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Mimi nilipomwomba video hiyo baada ya kununua, aliniziba nisimwandikie tena.

Kuna uongo mwingine unaoniumiza zaidi. Anawaambia watu kwamba gobore si silaha kisheria, hivyo unaweza kumtumia mzee kijijini akalindie shamba. Ni kweli sheria ya silaha ya shirikisho la Marekani ya 1968 hailihesabu gobore la namna hii pamoja na bunduki za kawaida, ingawa majimbo yana masharti yake, hata hapo New Jersey jirani. Lakini Tanzania gobore ni silaha na linataka kibali. Mzazi wako atakamatwa kwa zawadi yako, wewe uko mbali huna la kufanya. Tafadhali msithubutu.

Jina la ukurasa ameshabadilisha mara mbili ninazozijua. Picha ni zilezile: bunduki imelazwa juu ya kitambaa chekundu, mdomo umeelekea kushoto. Ukiiona, ndiye.

Mtutu wangu nimeukata vipande vitatu kwa msumeno wa chuma, usije ukauziwa mtu mwingine. Picha za ndani ninazo zote, pamoja na mazungumzo yetu. Aliyeshatuma pesa na bado anasubiri sanduku aniandikie leo.