Kurejesha Snider ya babu: uzoefu wangu na karakana moja ya Mombasa

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Pwani walioachiwa silaha kongwe na wazee wao, na ambao wanajiuliza kama hapa Mombasa yuko mtu anayeweza kuishika bila kuiharibu. Yuko. Bunduki ya babu ilikaa kwake miezi minne, nikalipa shilingi 38,000, na sasa imerudi nyumbani. Jina la karakana silitaji, kwa kuwa mahali panapolazwa silaha za watu si mahali pa kutangazwa. Mwenye haja na aulize kwa wauza silaha wenye leseni, watamwelekeza.

Bunduki yenyewe ni Snider-Enfield, ya aina ile iliyobebwa na misafara iliyokuwa ikitoka Mombasa kuelekea Uganda katika miaka ya 1890. Kwenye bamba la mtambo wake wa kufyatulia pamechongwa taji, herufi V na R za Malkia Victoria, neno TOWER na mwaka 1862. Mwaka huo ulinitatiza tangu utotoni, kwa sababu jeshi la Uingereza lilipokea mtindo wa mbunifu Jacob Snider mwaka 1866. Jibu ni kwamba nyingi ya bunduki hizi zilianza maisha zikiwa Enfield za muundo wa mwaka 1853, zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu kama gobori. Baadaye nyuma ya mtutu ilikatwa, pakafungwa kifuniko chenye bawaba kinachofunguka upande wa kulia, na tangu hapo risasi ikatiwa kwa nyuma. Askari aliyekuwa akipiga mara tatu kwa dakika aliweza sasa kupiga mara kumi. Ganda tupu halikuruka lenyewe: alikivuta kifuniko nyuma ili kilitoe, kisha akaipindua bunduki lidondoke chini. Snider mwenyewe alifariki mwaka huohuo wa 1866, akiwa fukara.

Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imetundikwa ukutani Kibokoni, mkabala na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na chumvi haikuionea huruma. Chuma kilikuwa kimevaa kutu nyekundu inayoacha unga mkononi, shaba ya kitako ilikuwa imeota ukijani, na kifuniko kilikuwa kimeganda kabisa.

Kosa langu la kwanza nalieleza ili mwingine asilirudie. Kabla ya karakana hii nilimpelekea fundi mwingine tako la mbao peke yake, nikamwambia alisafishe. Alilipiga msasa wa mashine kwa alasiri moja. Upande wa kulia wa tako palikuwa na muhuri wa duara wa kiwanda cha Enfield, na leo hii nusu ya muhuri huo haipo. Mbao ilirudi laini, nyekundu na inayong'aa kwa vanishi kama kiti cha hotelini. Nilipoiona nilikaa barazani nikashindwa kusema neno. Yule fundi hakuwa na nia mbaya. Nilimwagiza asafishe, naye kwake kusafisha maana yake ni kung'arisha.

Karakana hii ya pili ilinipokea kwa namna tofauti tangu mlangoni. Kabla ya bei na kabla ya salamu kwisha, mzee aliomba cheti changu cha silaha, akakisoma chote, akalinganisha na alama za bunduki, akaandika daftarini. Kisha akapitisha mdeki wa shaba, yaani ule ufito wa kushindilia na kusafishia, ndani ya mtutu, akashika kwa kidole pale ulipofikia, akaulinganisha na urefu wa mtutu kwa nje, akahakikisha kwamba hamna kitu kilichobaki ndani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba kitu cha kale si silaha. Ukiwa na bunduki ya ukoo isiyo na karatasi, anza na Bodi ya Leseni za Silaha, wala usiibebe mjini ukitafuta fundi.

Mimi nilitaka ing'ae. Mzee aliigeuza mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, wataka bunduki mpya, au waitaka ya babu yako?" Akanieleza kwamba kutu nyekundu ni ugonjwa, lakini ile rangi ya kahawia iliyokoza karibu na kuwa nyeusi ni ngozi ya chuma, nayo ikitolewa hairudi. Tulikubaliana kwamba ugonjwa utatoka na ngozi itabaki, na kwamba bunduki haitatengenezwa ili ipige tena.

Nilichokiona siku ya skrubu ndicho kilichoniridhisha kuliko vyote. Skrubu za bamba la mtambo zilikuwa zimelowekwa mafuta siku tisa. Mzee hakuchukua bisibisi yoyote iliyokuwa mezani. Alichukua moja ya zamani, akainoa ncha yake polepole, akiijaribu kwenye mfereji wa skrubu na kuirudisha kwenye jiwe, hata ikaingia humo bila kucheza upande wowote. Aliniambia kwamba bisibisi nyembamba kuliko mfereji ndiyo inayomega kingo za skrubu, na skrubu iliyomegeka humwambia kila mwenye macho kwamba bunduki ilipita kwa fundi mwenye haraka. Kisha akaibana kwa kifua, akazungusha robo, akarudisha, akaongeza tone la mafuta, akazungusha tena. Ilitoka nzima, na chini yake chuma kilikuwa na rangi ya buluu kana kwamba kilifungwa jana.

Kutu aliiondoa kwa mafuta ya taa na sufi laini ya shaba, ambayo ni laini kuliko chuma na kwa hiyo haikikwaruzi. Baadaye vipande viliogeshwa kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudi kuwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi iliyojificha chini ya kutu huendelea kula hata ukipaka mafuta juu yake, vikakaushwa kwa joto na kupakwa nta nyembamba. Nta aliyotumia ni Renaissance Wax, iliyobuniwa katika Makumbusho ya Uingereza kwa kazi za namna hii, na kwa hewa yetu naona inafaa kuliko mafuta, ambayo hunasa vumbi na kutiririka.

Mbao ni ya mjozi. Vanishi ilitolewa, muhuri uliobaki haukuguswa, halafu mafuta ya kitani yakapakwa kwa kitambaa, safu nyembamba sana, na kila safu ikaachwa ikauke. Nilikuwa nimemshauri atumie mafuta ya nazi tuliyoyazoea. Akakataa, kwa maelezo kwamba nazi haikauki kamwe ila huchacha, ilhali kitani hushika hewa na kugeuka ngozi ngumu. Vitambaa alivyotumia alivitandaza uani kimoja kimoja, kwani vikirundikwa vikiwa na mafuta hayo hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Mwenye kujaribu nyumbani asilisahau hilo.

Malalamiko ninayo. Niliahidiwa wiki sita. Ni kweli kwamba wakati wa masika kitani huchelewa kukauka, lakini hilo lilijulikana tangu mwanzo, na ningependa kuambiwa badala ya kupiga simu zisizopokelewa. Risiti ya malipo ya awali niliidai mara tatu. Vilevile hawakupiga picha za kazi ikiendelea. Zilizopo ni zangu. Haya yananikera, ila sitasema kwamba yanapunguza thamani ya kazi yenyewe.

Kifuniko sasa kinafunguka kwa kidole gumba. Bunduki imehamia ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na nimeambiwa niipanguse kwa kitambaa kikavu kila nikiishika, kwa sababu jasho nalo ni chumvi. Mdeki wake wa asili ulipotea kabla sijazaliwa. Mzee alikuwa na mpya ambao ungeingia sawasawa, lakini alisema hawezi kuutia bila kuuchonga alama ya kuonyesha kwamba si wa 1862, nami nikachagua nafasi ile ibaki wazi.